Uchoraji wa Usuli Mwepesi wa Nje katika Vibonzo: Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna usuli mwepesi wa nje unavyochorwa katika vibonzo, kwa kurejelea mandhari ya Jiji la Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Hoja inayojengwa ni kwamba wepesi wa usuli hupatikana kwa kupunguza vitu kutoka mahali mahususi palipotazamwa, na si kwa kukopa alama za jumla zinazodhaniwa kufaa kila mahali. Vipengele vinavyojadiliwa ni miamba, mstari wa upeo wa macho, mwanga, makazi ya vilimani na ukingo wa maji. Kipengele cha mwisho kimepewa uzito wa pekee kwa sababu katika vibonzo vya elimu ya afya ukingo wa maji ndio unaobeba ujumbe.

Usuli na kazi yake

Msomaji wa kibonzo humtazama mhusika kwanza, kisha husoma kiputo cha maneno. Usuli, yaani vitu vyote vinavyochorwa nyuma na kando ya mhusika ili kuonesha mahali alipo, hupokelewa mwishoni, na aghalabu hupokelewa bila msomaji kutambua kwamba amepokea kitu. Hali hii imewafanya wachoraji wengi, na hata wahakiki wa sanaa hii, kuuona usuli kuwa ni jambo la ziada linaloweza kujazwa kwa namna yoyote ile. Vitabu vya kufundishia uchoraji huurahisisha usuli wa nje kuwa mstari mmoja wa ardhi, kilima, mti na wingu. Ushauri huo una manufaa kwa anayeanza, lakini hausemi ni kilima gani wala ni mti upi.

Ipo tofauti kati ya usuli mtupu na usuli mwepesi. Mchoraji wa kibonzo cha kisiasa anaweza kuacha nyuma ya wahusika wake pakiwa peupe kabisa, na kazi ikawa kamili, kwa kuwa hoja yake imo katika sura na maneno. Usuli mwepesi, kwa upande mwingine, unakusudia kumwambia msomaji mahali, saa na hali ya hewa kwa mistari michache iwezekanavyo. Uchache huo una sababu za kiufundi. Karatasi ya gazeti hunyonya wino, hivyo mistari iliyosongamana huungana na kuwa doa. Fremu ya gazeti ni ndogo, na mhusika akizungukwa na majani mengi hupotea. Katika filamu za vibonzo, usuli mmoja hutumika kwa picha nyingi za mhusika anayetembea mbele yake. Ukiwa na vitu vingi vinavyovuta jicho, mwendo wa mhusika hauonekani vizuri.

Historia ya vibonzo nchini Tanzania ina mifano mingi ya wepesi huu. Christian Gregory aliyemchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, Philip Ndunguru aliyechorea jarida la Sani katika miaka ya 1980, na Ally Masoud anayemchora Kipanya, wote walijenga umaarufu wao juu ya wahusika. Hilo si kosa. Hata hivyo, magazeti mengi ya kitaifa huhaririwa Dar es Salaam, na mchoraji anapolazimika kuchora nje kwa haraka, mkono wake huchora kile ambacho jicho limezoea: mnazi, barabara ya lami, ukuta wa nyumba ya mjini. Asipochora hayo, hukimbilia picha ya pili iliyo tayari kichwani, yaani kilima cha mviringo, mgunga wenye kichwa bapa kama mwavuli na nyumba ya msonge. Migunga ipo kweli karibu na Ziwa Victoria. Hifadhi ya Serengeti, upande wake wa magharibi, inakaribia kabisa Ghuba ya Speke. Tatizo si kuwapo kwa mgunga. Tatizo ni kwamba mti huo umechorwa bila mtu kuutazama, nao umewekwa pale kumaanisha Afrika nzima badala ya mahali pamoja.

Filamu za vibonzo vya watoto zilizotengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya karibuni zimelikabili suala hili kwa njia yake. Katika Akili na Mimi, kipindi cha shirika la Ubongo, mtoto Akili anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Uchaguzi huo ni wa busara kiuchoraji, kwa sababu mlima huo wenye mita 5,895 unatambulika kwa mstari mmoja tu wa kilele kipana na doa jeupe juu yake. Mwanza haina mstari wa namna hiyo. Haina kilele kimoja ambacho mtoto wa Kagera au wa Lindi angekitambua mara moja. Utambulisho wake umo katika namna mawe yanavyokaa.

Miamba

Mawe ya Mwanza ni graniti. Kuyachora kwa wepesi kunahitaji kwanza kuelewa yalivyopata umbo lake, kwani mstari wa mchoraji unafuata njia ile ile iliyofuatwa na maji. Graniti ikiwa bado chini ya udongo huwa na nyufa zinazokatana, nyingi zikikaribia pembemraba. Maji ya mvua hupenya katika nyufa hizo na kuuoza mwamba taratibu. Pembe za kila pande hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo huliwa kwanza, na pande lililokuwa kama tofali hubaki na mabega ya mviringo. Baadaye udongo uliooza huchukuliwa na maji, na mapande yale hubaki wazi, moja juu ya jingine, pale pale yalipokuwa. Hayakubebwa na mtu wala hayakuporomoka kutoka juu. Jiwe la Bismarck, linalosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, ni mfano unaojulikana kuliko yote.

Kutokana na maelezo hayo, kanuni ya mkono inajitokeza yenyewe. Mstari wa nje wa jiwe huwa wa mviringo, lakini mstari wa ufa kati ya jiwe na jiwe hukaribia kunyooka. Mawe jirani hulingana kama mikate iliyokatwa na kuachwa mezani: ukiyasogeza, yangeungana tena. Mchoraji anayechora mawe ya Mwanza kama mayai yaliyomwagwa ovyo amepata mviringo na kupoteza nyufa, na rundo lake linaonekana kama kokoto zilizokuzwa. Anayeyachora kama pembetatu zenye ncha amechora milima ya nchi nyingine. Mistari sita au saba inatosha: mitatu ya mabega, miwili ya nyufa, mmoja wa kitako kinachogusa maji au majani, na pengine mmoja wa kivuli chini ya jiwe la juu. Mstari huu wa mwisho ndio unaolipa jiwe uzito. Bila kivuli hicho jembamba, jiwe la juu huelea.

Ukubwa nao hauonekani kwa mistari ya jiwe peke yake, kwa sababu jiwe la mita kumi na jiwe la goti yana umbo lile lile. Hapa ndipo vitu vidogo vya mahali vinapoingia: mnandi aliyetandaza mbawa akizikausha juu ya jiwe, kongoti mwenye kipara na mfuko shingoni aliyesimama karibu na wauza samaki, kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kati ya mawe mawili. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha.

Sanaa ya vibonzo duniani inao mfano unaofaa kulinganishwa na Mwanza. George Herriman, aliyechora Krazy Kat kuanzia 1913 hadi 1944, aliweka wahusika wake katika jangwa la Arizona, Marekani, mahali alipopajua na kupapenda. Miamba ya usuli wake ilibadilika kutoka fremu moja hadi nyingine ilhali wahusika wanaendelea na mazungumzo yale yale, na msomaji hakupotea, kwa kuwa miamba yote ilikuwa ya nchi moja. Herriman aliruhusu mistari yake kucheza kwa sababu alikwishajua umbo la msingi. Mchoraji wa Mwanza anao uwezo huo huo, na inashangaza kidogo kuwa hazina hii ya mawe, inayoonekana na kila abiria anayeingia jijini, haijatumika zaidi katika vibonzo vya Kiswahili.

Ziwa lenye ng'ambo

Upeo wa macho ni mstari wa kwanza unaochorwa katika usuli wa nje, na ndio unaokosewa zaidi ziwani. Mazoea ya kuchora bahari humfanya mchoraji apige mstari mmoja ulionyooka: chini maji, juu mbingu. Jiji la Mwanza, hata hivyo, liko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Anayesimama ufukweni akitazama magharibi anaona ng'ambo, ardhi ya chini ya upande wa Kamanga na Sengerema, na si maji yasiyo na mwisho. Usuli sahihi una mistari miwili iliyokaribiana: mstari wa maji ulionyooka na, juu yake kidogo, mstari wa vilima vya mbali unaopanda na kushuka kwa upole. Nafasi kati ya mistari hiyo ni nyembamba, lakini ndiyo inayotenganisha ghuba na Bahari ya Hindi. Maji yasiyo na ng'ambo yapo pia, kwa mtu anayetazama upande wa ziwa ulio wazi. Huko mstari mmoja ndio wenye haki.

Mahali pa mstari huo katika fremu hutegemea urefu wa jicho la anayetazama. Mtazamaji aliyeketi mtumbwini huuona upeo ukiwa chini, na watu waliosimama ukingoni hupita juu yake. Aliyepanda juu ya mawe ya Capri Point huona maji yakipanda katika karatasi, mitumbwi ikiwa chini ya upeo kama mbegu zilizotawanywa. Mchoraji akichanganya hali hizi mbili katika fremu moja, maji huonekana kama ukuta.

Maji yenyewe yanahitaji mistari michache ya mlalo, mifupi na iliyokaribiana kule mbali, mirefu na iliyoachana huku mbele. Mawimbi yenye vilele vilivyojikunja ni ya bahari. Aidha, ziwa halina kupwa na kujaa kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Hakuna upana wa matope unaobaki wazi mara mbili kwa siku, na mtumbwi uliovutwa ukingoni asubuhi utakuwa bado kando ya maji jioni. Mtumbwi wa ziwani ni wa mbao zilizounganishwa na hauna zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa ya pwani isipinduke. Ngalawa katika usuli wa Mwanza ni kosa ambalo mvuvi wa Kirumba hulicheka kabla hajasoma neno lolote.

Usuli pia hutaja wakati. Kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo kwenda Busisi kilikuwa picha ya kawaida ya safari ya kuelekea Sengerema na Geita. Tangu kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli mwezi Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3, mchoraji anayeonesha magari yakisubiri kivuko mahali hapo anasimulia jambo la zamani, apende asipende. Kwa bahati, daraja hilo ni rahisi kuchora: mstari mrefu wa mlalo, minara michache na nyaya zilizoinama.

Mwanga, kivuli na usiku

Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima, na vivuli vya adhuhuri huwa vifupi, vikilala chini ya miguu ya mhusika kama kitambaa kilichoanguka. Kwa kuwa mji uko magharibi sana katika ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, jua hufika kileleni kuelekea saa saba mchana badala ya saa sita. Jua huchwea ng'ambo ya ghuba. Kwa hiyo, kwa mhusika anayelitazama ziwa, vivuli vya asubuhi hulala kuelekea majini na vya jioni hurudi kuelekea mjini. Jioni miamba iliyo majini hupoteza mistari yake yote ya ndani na kubaki vivuli vyeusi. Huo ni wepesi unaotolewa bure na mahali penyewe. Machweo ni mafupi, kwani karibu na ikweta jua hushuka wima, na hadithi inayohitaji machweo ya fremu kumi inahitaji maelezo.

Mawingu yana desturi yake. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na kuyajenga mawingu juu ya ardhi, wakati usiku hali hugeuka na radi nyingi hupiga juu ya maji hadi alfajiri. Wingu moja likiwekwa upande unaofaa husema saa bila kuchora jua.

Usiku wa ziwani ndio usuli mwepesi kuliko wote: karatasi nyeusi na safu ya nukta nyeupe karibu na upeo. Nukta hizo ni taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za umeme wa jua. Hapa pana mtego. Dagaa huvutwa na taa kwenye giza, hivyo wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi. Mchoraji anayeongeza mwezi mpevu juu ya taa hizo, kwa kuwa usuli wa usiku umezoeleka kuwa na mwezi, ameunganisha mambo mawili ambayo hayaonekani pamoja.

Vilima vyenye nyumba

Kilima kitupu ni alama nyingine ya kuazima. Vilima vya Igogo, Mabatini na Bugando vimejaa nyumba hadi karibu na vilele, paa za bati zikiwa katikati ya mawe. Kuchora kila nyumba haiwezekani na si lazima. Inatosha kuchora paa, kila moja kwa mistari miwili, zikipungua ukubwa kadiri zinavyopanda, na kuziacha zikatizwe na mabega ya mawe. Kuzifuta nyumba hizo ili kilima kipendeze ni uamuzi wenye maana, hata kama mchoraji hakuukusudia: wakazi wa kilimani hutoweka katika picha ya mji wao.

Usuli unapokuwa ujumbe

Hadi hapa usuli umejadiliwa kama mahali anaposimama mhusika. Katika vibonzo vya elimu ya afya uhusiano huo hupinduka, na mfano ulio wazi zaidi mwambaoni ni kichocho cha tumbo. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi katika jamii za kandokando ya Ziwa Victoria. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa na kuingia majini, huanguliwa, na vimelea huingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi katika maji yasiyo ya chumvi. Baadaye vimelea vya umbo jingine hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kufua, kuteka maji au kuvua. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake.

Katika mzunguko huo mhusika ni sehemu moja tu. Sehemu nyingine zote zimo katika usuli. Bango linaloonesha watoto wakicheza katika maji ya buluu, mchanga mweupe na mnazi pembeni, pamoja na maneno ya onyo chini yake, limechora mahali pasipo na kichocho. Mtoto wa Ilemela au wa Ukerewe akilitazama haoni maji anayoyajua, na onyo linaangukia maji ya watu wengine. Kinachotakiwa ni ukingo wake mwenyewe: maji matulivu ya kina cha goti, mafunjo na matete, magugu maji yaliyosukumwa na upepo hadi kati ya mawe, jiwe bapa linalotumika kufulia. Konokono anapaswa kuonekana kwenye shina la tete, akiwa amekuzwa kuliko ukubwa wake halisi, kwani katika kibonzo ukuzaji ni halali pale unapoonesha kisichoonekana. Kivuli kifupi cha mchana kinaongeza taarifa, kwa kuwa vimelea vingi hutoka katika konokono jua likiwa juu; hata hivyo mchoraji asilitumie jambo hilo kuonesha kuwa maji ya jioni ni salama.

Sehemu inayobaki ni choo, na hapa miamba inarudi ikiwa na sura nyingine. Jiwe lile linaloupa mji haiba ndilo linalofanya uchimbaji wa choo cha shimo kuwa mgumu na wa gharama katika vilima vyenye makazi mengi. Mvua inaponyesha, maji hushuka kati ya mawe na nyumba, yakichukua kilichoachwa wazi, hadi ziwani. Bango linalomchora mtu anayejisaidia vichakani kuwa mzembe, huku nyuma yake pakiwa na kilima laini cha kijani, limemlaumu na kuficha sababu. Likichorwa jiwe chini ya nyumba yake, pamoja na mstari mmoja wa mfereji unaoteremka kutoka kwenye paa za bati hadi kwenye matete, msomaji anaona kuwa shida ni ya mtaa mzima, na kwamba suluhisho linaweza kuhitaji bomba la majitaka linalopita juu ya mwamba pamoja na mabadiliko ya tabia.

Fremu hiyo yote inaweza kuchorwa kwa mistari isiyozidi thelathini: mabega matatu ya mawe, paa tano, mfereji, matete machache, konokono, mistari ya mlalo ya maji, na ng'ambo ya ghuba nyuma kabisa. Mti haumo, wala jua. Mchoraji akibaki na nafasi ya mstari mmoja zaidi, mstari huo uende kwenye ndoo iliyo mkononi mwa mtoto, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini ameingia majini.